Maswali ya Wasomaji: Hawa Wageni wa Copa América

Wiki hii meseji zenu karibu zote zinazunguka kitu kimoja, timu waalikwa kwenye Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini. Nyingine nimeziunganisha maana mmeuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Twende moja kwa moja.

Swali: Shikamoo mzee. Mimi mpira nimeanza kuufuatilia juzijuzi tu, nikaona klipu ya Japani anacheza na Uruguay kwenye Copa América ya 2019. Japani na Amerika Kusini wapi na wapi?

Marahaba mwanangu, na wala usione aibu kuuliza, wapo watu wanaliangalia hili kombe miaka na miaka na hawajui. Jibu linaanzia kwenye hesabu. Shirikisho la Amerika Kusini, CONMEBOL, lina wanachama 10 tu: Argentina, Bolivia, Brazil, Chile, Colombia, Ecuador, Paraguay, Peru, Uruguay na Venezuela, basi, wameisha. Na kumi ni namba ya shida kwenye mashindano ya makundi. Ukigawa unapata makundi mawili ya timu tano tano, kila raundi kuna timu inapumzika inaangalia wenzake, halafu ukitaka timu nane za robo fainali unajikuta umecheza mechi 20 kuwatoa watu wawili. Sitii chumvi, 2021 ndo ilivyokuwa hivyo hivyo, mechi 20 za makundi na waliofungasha ni Bolivia na Venezuela peke yao.

Zamani hiyo shida haikuwepo kwa sababu walikuwa wanacheza kama ligi. Kombe lilianza 1916 kule Argentina na timu nne, Uruguay akabeba, na CONMEBOL yenyewe ilizaliwa palepale mashindano yakiwa yanaendelea. Miaka mingi ikawa ni kila mtu na kila mtu, mwenye pointi nyingi anaondoka na kombe, hata 1989 kule Brazil na 1991 kule Chile hatua ya mwisho ilikuwa bado ligi ya timu nne, fainali hakuna. Sasa televisheni inataka robo fainali, inataka fainali, inataka mtu alie na mwingine acheke siku hiyohiyo. Ndo 1993 Ecuador walipokuwa wenyeji wakaitwa Mexico na Marekani, zikawa timu 12, makundi matatu ya timu nne nne, wawili wa juu wanapita na wawili bora kati ya walioshika nafasi ya tatu wanapita pia, nane hizo hapo zimetimia.

Lakini kwa nini hawa na sio wengine? Mexico na Marekani ni soko kubwa la televisheni, hilo halina mjadala. Ila kuna kitu watu wengi hawakioni, angalia tu miaka. Marekani anaalikwa 1993, mwaka unaofuata ni mwenyeji wa Kombe la Dunia. Japani anaalikwa 1999 kule Paraguay, 2002 ni mwenyeji pamoja na Korea Kusini. Qatar anaalikwa 2019 kule Brazil, 2022 ni mwenyeji. Mtu nafasi yake ya Kombe la Dunia ipo tayari mfukoni, anachokosa ni mechi ngumu za ushindani, na mechi ngumu ukizitafuta kweli nenda Amerika Kusini, kule utakanyagwa mpaka ujue mpira ni nini. Japani 1999 wakiwa na kocha Philippe Troussier, yuleyule aliyekuwa na Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia 1998, walifungwa 3-2 na Peru, wakapigwa 4-0 na wenyeji Paraguay, wakatoka 1-1 na Bolivia, wakarudi kwao na pointi moja. Miaka mitatu baadaye kwenye Kombe la Dunia la kwao wakaongoza kundi. Sisemi ni kwa ajili ya zile mechi tatu tu, ila ile shule haikupotea.

Na ile klipu uliyoona ni ya Porto Alegre, 2-2, Koji Miyoshi alifunga mawili, mechi tamu sana ile.

Swali: Kaka, kuna mtu kijiweni kwetu anasema Honduras waliwahi kumtoa Brazil Copa América. Tumebishana mpaka tumenuniana. Ni kweli au anatudanganya?

Ni kweli kabisa, mkamwombe radhi. Na hii stori naomba mnivumilie niisimulie yote maana kwangu hakuna stori ya mgeni kwenye mpira inayoifikia.

Mwaka ni 2001, mwenyeji Colombia. Nchi ilikuwa kwenye hali mbaya ya usalama, mabomu, utekaji, na makamu wa rais wa shirikisho lao la mpira, Hernán Mejía Campuzano, akatekwa na waasi wa FARC siku chache kabla ya mashindano. Baadaye wakamwachia, lakini moto ulikuwa umeshawaka. CONMEBOL wakatangaza kombe limeahirishwa, halafu zikapita siku chache tu wakageuka wakasema hapana, litachezwa na litachezwa Colombia na litaanza Julai 11. Sasa jiweke kwenye nafasi ya timu, umeshawaambia wachezaji waende likizo. Kanada walikuwa wamealikwa, kambi yao imeshavunjwa, wakasema hatuwezi. Argentina wao wakajitoa mashindano yako mlangoni kabisa, wakisema kuna vitisho vya kuuawa. Kwa hiyo Costa Rica wakachukua nafasi ya Kanada, na nafasi ya Argentina wakapigiwa simu Honduras.

Honduras hawakuwa na maandalizi yoyote. Wakakusanyana walivyoweza, jeshi la anga la Colombia likawabeba kwa ndege yake, wanatua mashindano yameshaanza na kikosi hata hakijatimia. Mechi ya kwanza Julai 13 kule Medellín wakafungwa 1-0 na Costa Rica, mgeni mwenzao, na kila mtu akasema haya, wamekuja kutimiza idadi. Mechi ya pili wakampiga Bolivia 2-0. Ya tatu wakamfunga Uruguay 1-0. Kundi likaishia Costa Rica wa kwanza na Honduras wa pili, yaani waalikwa wawili wamekaa juu ya Uruguay, nchi iliyobeba kombe hili la kwanza kabisa.

Robo fainali Julai 23, Manizales, mpinzani Brazil. Kocha wa Brazil ni Luiz Felipe Scolari. Ndiyo, Ronaldo na Rivaldo hawakuwepo, hilo watu wa Brazil huwa hawaachi kulisema, ila Brazil ni Brazil na Honduras ilikuwa ndo mara yao ya kwanza kwenye haya mashindano. Kipindi cha pili unapigwa mpira wa kichwa golini kwa Brazil, unamgonga beki Belletti, unaingia, 1-0. Brazil wakaja wote mbele, na dakika za majeruhi Saúl Martínez akapiga cha pili. 2-0. Honduras, timu iliyobebwa na ndege ya jeshi siku kumi nyuma, inamtoa Brazil, na mwaka uliofuata Scolari huyohuyo na Belletti huyohuyo akiwa kikosini wanabeba Kombe la Dunia!

Nusu fainali wenyeji Colombia wakawazuia 2-0, halafu kutafuta mshindi wa tatu wakatoka 2-2 na Uruguay na kushinda kwa penalti. Amado Guevara, kiungo wao, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote. Mgeni wa dharura anaondoka na nafasi ya tatu na mchezaji bora. Mtu akiniambia timu waalikwa hazina maana naanzia hapo, na mara nyingi huwa siendelei mbali maana anakuwa ameshanyamaza.

Swali: Je mgeni akishinda fainali anapewa kombe kweli? Au wanampa mwenyeji wa bara?

Copa América anapewa, bingwa ni bingwa. Ila tiketi za CONMEBOL hazimhusu, enzi za Kombe la Mabara nafasi ya Amerika Kusini ingeenda kwa timu ya Amerika Kusini hata kama mgeni ndo kabeba. Kwenye klabu ilikuwa hivyohivyo. Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, ya 2010 Chivas ya Mexico ilifika fainali dhidi ya Internacional ya Brazil, na kabla hata fainali haijachezwa tiketi ya Kombe la Dunia la Klabu ilikuwa tayari ya Internacional.

Kila shirikisho lina utaratibu wake. Hapa CECAFA wenzangu wa umri wangu mtakumbuka 2006 kule Ethiopia, Zambia mwalikwa alishinda fainali kwa penalti dhidi ya Sudan na bado ubingwa ukaandikwa Sudan. Mimi ile sikuipenda na mpaka leo siipendi, ukimruhusu mtu acheze fainali mpe alichoshinda.

Kwa Copa América hilo halijawahi kutokea kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kubeba. Aliyekaribia ni Mexico, mara mbili. 1993, mara yao ya kwanza kabisa, waliwatoa wenyeji Ecuador 2-0 nusu fainali, wakacheza fainali na Argentina pale Guayaquil. Batistuta wa Argentina akafunga, Benjamín Galindo wa Mexico akasawazisha kwa penalti, mechi ikawa ya Mexico kabisa ile. Halafu ukaja mpira wa kurusha, wa kawaida tu, Simeone wa Argentina akaurusha harakaharaka Mexico wakiwa hawajajipanga, Batistuta akageuka na beki mgongoni na kupiga kwa mguu wa kushoto, 2-1 imeisha. Usingizi wa sekunde mbili kwenye mpira wa kurusha, kombe limeondoka. Na wala Argentina baada ya pale hawakubeba tena Copa América mpaka 2021, miaka 28.

Mara ya pili ni hiyohiyo 2001, fainali na Colombia pale Bogotá, Mexico akafungwa bao moja la Iván Córdoba, na Colombia walimaliza mashindano hawajaruhusu bao hata moja.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mexico alicheza mara 10 mfululizo kuanzia 1993 mpaka 2016, wa pili mara mbili, wa tatu mara tatu, 1997, 1999 na 2007. Kazi alifanya.

Swali: Mbona mnawasifia sana? Mimi naona wageni wanakuja na vikosi vya pili, wanafungwa wanarudi. Wanashusha hadhi ya kombe. Hata makocha wa Amerika Kusini wamelalamika.

Ndugu yangu, una hoja na sitaikwepa. Ni kweli 2019 baada ya Qatar kurudi kutoka 2-0 nyuma na kupata sare 2-2 na Paraguay pale Maracanã, kocha wa Paraguay wakati ule, Eduardo Berizzo, alisema wazi yeye angependa hili kombe libaki la Amerika tu. Unaweza kusema ni hasira za sare, ila wapo wengi wanaofikiri hivyo na wana haki yao.

Na vikosi vya pili ni kweli pia. Angalia 2007 kule Venezuela uone tofauti ilivyo. Marekani na Mexico wote wawili wamealikwa, na wote wawili wanatoka kucheza fainali ya Gold Cup, kombe la mataifa la upande wao wa Amerika, pale Chicago tarehe 24 Juni, Marekani kashinda 2-1. Copa América inaanza Juni 26. Marekani bingwa akapeleka kikosi cha majaribio, akafungwa 4-1 na Argentina, 3-1 na Paraguay, 1-0 na Colombia, akarudi. Mexico, aliyefungwa ile fainali na amechoka vilevile, akaenda na watu wake, na Juni 27, siku tatu tu baada ya Chicago, akampiga Brazil 2-0, bao la kwanza la Nery Castillo usiombe, alimtoa mtu kwa kumpitishia mpira juu. Wakamaliza wa tatu. Ratiba ileile, uchovu uleule, mmoja kaheshimu mwaliko na mwingine hakuuheshimu.

Kwa hiyo mimi lawama yangu sio kwa ualikwa. Lawama naipeleka kwa ratiba na kwa wale wanaokubali mwaliko huku wanajua hawataleta timu. 2011 kule Argentina, kwa sababu Gold Cup ilichezwa mwezi mmoja kabla, CONCACAF, yaani shirikisho la Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani, lilitaka Mexico apeleke vijana wa chini ya miaka 22 na wakubwa wachache tu. Vijana wakafungwa mechi zote tatu. Na Japani walikuwa wamealikwa mwaka ule, wakashindwa kuja kwa sababu ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, hilo hakuna wa kulaumiwa. Japani 2019 nako klabu za Ulaya hazikulazimika kuwaachia wachezaji, wakaja na wengi vijana wa kuandaa Olimpiki, na bado walikosa robo fainali kwa tofauti ya mabao tu, pointi mbili sawa na Paraguay.

Halafu hata vijana usiwadharau. Costa Rica 2011 walikuja kuziba nafasi ya Japani, wengi wao vijana, wakamfunga Bolivia 2-0 na dogo mmoja wa miaka 19 anaitwa Joel Campbell akafunga na kuwasumbua mabeki vibaya, Agosti hiyohiyo Arsenal wakamsajili. 2014 Joel Campbell ndo akamfunga Uruguay Kombe la Dunia na Costa Rica ikafika robo fainali.

Na Jamaica 2015 kule Chile. Watu wengi wanakumbuka tu Deshorn Brown kupiga selfi na Messi mechi ikiisha, wakawacheka sana. Lakini Jamaica ile ilifungwa 1-0 na Uruguay, 1-0 na Paraguay, 1-0 na Argentina. Tatu mfululizo moja bila, hakuna aliyewararua. Wakatoka pale wakaenda Gold Cup mwezi uliofuata, wakamtoa Marekani kwake 2-1 nusu fainali na wakacheza fainali. Mimi ile selfi sioni kibaya, kijana kacheza na Messi siku Messi anatimiza mechi ya 100 timu ya taifa, apige picha.

Swali: Sasa 2016 na 2024 ilikuwaje, maana zilichezwa Marekani na timu zilikuwa 16. Wote wale waalikwa?

Hapana, na hapa wengi mnachanganya. 2016 ilikuwa sherehe ya miaka 100, kombe likachezwa nje ya Amerika Kusini kwa mara ya kwanza, timu 10 za CONMEBOL na sita za CONCACAF: Marekani, Mexico, Costa Rica, Jamaica, Haiti na Panama. Siku hizo Mexico alikuwa na mechi 22 hajafungwa, viwanja vyote vimejaa mashabiki wake, akakutana na Chile robo fainali pale Santa Clara akala 7-0, Eduardo Vargas peke yake manne. Kuna siku mpira hauna huruma na mtu.

2024 timu za CONCACAF zilifuzu kupitia Nations League yao, yaani ligi ya mataifa, sio za kuitwa kwa simu tena. Marekani, Mexico, Panama na Jamaica wakaingia kwanza, halafu Kanada na Costa Rica wakapita kwenye mchujo. Na unamkumbuka Kanada wa 2001 aliyeshindwa kwenda Colombia? Amesubiri miaka 23 mpaka akacheza Copa América yake ya kwanza, na mara hiyo ya kwanza akafika nusu fainali! Akamtoa Venezuela kwa penalti, akafungwa na Argentina 2-0, na mshindi wa tatu akakosa kwa penalti mbele ya Uruguay. Mwenyeji Marekani yeye alifungwa 2-1 na Panama akiwa pungufu tangu mapema, Tim Weah kala kadi nyekundu, akaishia makundi.

Mimi huu mfumo wa kufuzu naupenda zaidi. Anayekuja kwa jasho lake hawezi kuleta kikosi cha pili.

Swali: Dada yenu hapa. Timu ya Afrika imewahi kualikwa ikacheza?

Copa América bado dada, hakuna timu ya Afrika iliyowahi kucheza. Kutoka nje ya Amerika ni Japani na Qatar tu. Australia na Qatar walikuwa waje ile iliyochezwa 2021, wakajitoa kwa sababu mechi za kufuzu Kombe la Dunia za Asia zilipangwa siku zilezile, ndo maana mwaka ule zikabaki kumi.

Ila kwa majirani, Gold Cup, Afrika Kusini waliitwa 2005. Wakamfunga Mexico 2-1, wakatoka sare na Jamaica na Guatemala, na robo fainali wakatolewa na Panama kwa penalti.